Harusi Iliyojaza Laptopu ya Maalim

Kwenye kona ya Kuze, pale vichochoro viwili vya Mji wa Kale wa Mombasa vinapokutana vyembamba hata wanene wawili hawapiti mpaka wapatane nani atangulie, kuna baraza ya mawe iliyopakwa chokaa. Baraza hiyo haina mwenyewe, lakini ina wenyewe. Kila siku baada ya Alasiri, Zein hulitua dele lake la kahawa tungu juu ya makaa, akavigonganisha vikombe viwili kiganjani, na kwa mlio huo bunge likafunguliwa. Upande wa ukutani hukaa Sabir, fundi wa feni, ambaye duka lake liko papo hapo mgongoni; huyo wenziwe humwita Bisibisi. Katikati hukaa Fahmi, ambaye wenziwe humwita Redio kwa sababu hajapata kuzimwa. Ukingoni hukaa Baya, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na jina lake ni Kontena, maana kwake yeye hakuna jambo duniani, kuanzia ndoa hadi mauti, lisiloweza kuelezwa kwa habari ya kontena. Juzi bunge hilo lilikuwa limepitisha kwamba mwezi umesogea. Jana lilimaliza suala la Ulaya. Leo halikuwa na ajenda, na kikao kisicho na ajenda ni kikao chenye kiu.

Ndipo akatokea Maalim Khubaib, amekumbatia kitu kilichofungwa kikoi, anatembea polepole kama mtu anayempeleka mtoto mwenye homa kwa tabibu.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikumu salaam, Maalim! — akasema Bisibisi. — Nani mgonjwa?

Maalim akaketi, akafungua kikoi. Ilikuwa ile laptopu yake ya miaka mingi, bawaba moja imefungwa utepe, herufi zimefutika kwa vidole, na ndani yake feni inanguruma kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati. Bisibisi akatoa waya dukani, ikatiwa umeme, ikaanza kuamka kwa uvivu wake.

— Yakhe, nimekwama, — akasema Maalim. — Ile programu ninayosomeshea Kurani watoto wa Lesta, kule Uingereza, imekataa kufunguka. Yasema mfumo wa kompyuta yangu ni wa kale, nitie mpya. Haya, nataka kutia mpya. Kompyuta nayo yasema haina nafasi, nipunguze vitu. Na darasa ni leo baada ya Isha.

Hakuwaambia yote. Hakuwaambia kwamba asubuhi Bi Zakiya wa Lesta, mama wa wanafunzi wake watatu na kiongozi wa kina mama wengine wote, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, mtamu kama haluwa na mkali kama wembe uliofichwa ndani yake: kwamba darasa limekatika mara nyingi, kwamba wao wanamheshimu sana, na kwamba kuna ustadh mmoja wa Kairo, kijana, mwenye mashine mpya, ambaye yuko tayari kuanza kesho ikiwa leo Maalim hataonekana. Watoto wale wa Lesta ndio waliokuwa unga wa nyumba yake na karo ya binti yake. Tena kulikuwa na kitoto kimoja kilichohangaika na usomaji mwaka mzima, na juzi tu, kupitia kioo hicho chenye mikwaruzo, kilisoma sura nzima bila kukosea. Maalim alikuwa amesikia, akajifanya anakohoa ili asilie mbele ya Waingereza. Kumpa mtu wa Kairo mtoto yule, la, hapana.

Bisibisi akaweka kiganja juu ya laptopu, akafumba macho kama anayesikiliza mapigo ya moyo.

— Hili si tatizo la nafasi, — akatoa hukumu. — Ni joto. Kila kitu kikipata joto hutanuka. Mlango wangu mimi, ikifika Januari haufungiki. Sembuse mafaili? Hayo mafaili yamefura, Maalim. Yapoze yanywee, nafasi utaiona mwenyewe.

— Yatanywea kiasi gani?

— Robo. Theluthi, ukiwa na feni nzuri.

Akaingia dukani, akatoka na feni ya miguu, akaielekeza kwenye kompyuta. Kikoi kikapeperuka, majivu ya Zein yakapeperuka, na laptopu ikazidi kunguruma.

— Yalalamika, — akasema Maalim.

— Mwenye kelele hana neno, — Bisibisi akajibu. — Hiyo ndiyo dalili ya afya.

Kontena alikuwa ameshatikisa kichwa tangu feni ilipotajwa.

— Mnapoteza umeme bure. Mimi nakaa bandarini, nyinyi hamkai. Kontena ikisemwa imejaa, haijajaa; imepakiwa ovyo. Ukiifungua wakuta meza imelala kifudifudi, chini yake pana nafasi ya watu wanne kucheza karata. Na hii ni vivyo hivyo. Kati ya faili na faili mna mianya. Dawa yake ni kuinua upande mmoja, mafaili yateleze, yakajipange. Haba na haba hujaza kibaba, si ndivyo wasemavyo? Na kibaba wakijaza vipi? Watikisa!

Akanyoosha mikono, akaishika laptopu pembe mbili, akaiinamisha kuelekea kibla.

— Bismillahi! Wacha, Baya! — Maalim akaidaka. — Hii si gunia la mchele!

— Mtikiso mmoja tu, Maalim.

— Hata nusu!

Wakawa wanaivuta huku na huku mpaka Zein akasema wakimmwagia kahawa watalipa dele zima. Kontena akaachilia. Na Redio, aliyekuwa amenyamaza muda wote huo, jambo lililokuwa la kutia hofu, akakohoa kama mtangazaji kabla ya taarifa.

— Nyote hamjui. Joto, kutikisa, hayo ni mambo ya nje. Mimi nawaambia ya ndani. Pale juu ya kioo mwaona kitundu? Kitundu kile chaona. Na pembeni kuna kingine, hicho chasikia. Kila neno linalosemwa karibu na mashine hii lahifadhiwa humo. Sasa niambie, Maalim, laptopu yako huiweka wapi?

— Dirishani, kwa ajili ya mtandao.

— Na dirisha lako latazama wapi?

Maalim akainua macho. Dirisha lake lilikuwa pale juu, mbao zake wazi, likiitazama baraza moja kwa moja.

— Basi! — Redio akapiga goti. — Nani ameijaza mashine ya Maalim? Sisi! Maneno yetu ya miaka yote yamo humo, yamelundikana. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Hata sasa yasikia? — akanong'ona Bisibisi.

— Hata sasa.

Baraza ikanyamaza. Haikupata kunyamaza hivyo hata siku za kuusubiri mwezi wa Idi. Makaa ya Zein yakasikika yakipasuka. Paka akapita, akashangaa, akarudi nyuma. Ilidumu kadiri ya mtu kumeza funda moja, kisha Bisibisi akashindwa.

— Kwa hivyo yale niliyosema juu ya shemeji yangu yamo?

— Yamo.

— Na ya juu ya imamu wa…

— Yamo!

— Maalim, futa hayo kwanza!

Zein akamimina, akasema kwamba mpwa wake wa Ganjoni picha zake zote ameziweka mawinguni, na hapati taabu yoyote.

— Wingu ni la nani? — Redio akamrukia. — Asubuhi liko juu ya Mombasa, jioni liko Tanga. Watu wa Tanga wakazione picha za mpwa wako! Na masika ikifika? Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Walijua. Walikuwa wanatuonya tusiweke vitu huko.

Wakati huo akafika mwanamke mmoja kijana, mwenye mkoba wa ualimu begani na vumbi la chaki kwenye kiwiko. Akasimama mbali kidogo, kwa adabu.

— Masalkheri, wazee. Nimefuata feni yangu.

— Masalkheri, Mwalimu Nanjala, — akasema Bisibisi, haraka haraka, akijua vyema kwamba feni yenyewe ndiyo ile inayompulizia Maalim kompyuta. — Karibu, mwanangu. Yafanyiwa majaribio. Dakika mbili.

— Juzi pia zilikuwa mbili.

— Ndizo hizo hizo.

Mwanamke hakai barazani, basi wakamtolea kiti kutoka dukani, Zein akakipangusa kwa ncha ya shuka, akampa kikombe. Nanjala, ambaye alizaliwa bara akaletwa pwani na kazi, na ambaye bado kahawa tungu humkunja uso, akanywa kidogo, akakunja uso, akaketi kungoja.

Maalim akavuta pumzi.

— Jamani, nisikilizeni. Jua laenda. Dawa ni moja tu, nayo naijua, na ndiyo sababu nimekuja kwenu. Kufuta.

Neno lile likaanguka barazani kama sinia.

Haikuwa kazi ndogo, na kila mmoja alijua kwa nini. Katika mitaa ile, mtu akisafiri Hija huacha ufunguo na dhahabu ya mkewe kwa maalim. Babake Khubaib alikuwa na sanduku lenye njumu za shaba kwa kazi hiyo, na siku alipokufa kila mtu alikuta chake, hata yule aliyekuwa ameacha jino. Khubaib alirithi sanduku, akarithi na jina. Simu za watu zilipoanza kujaa, wakapita kwake mmoja mmoja: Maalim, niwekee picha zangu. Naye akawajibu kama babake: Weka. Tangu siku hiyo hakufuta kitu. Picha moja ikiletwa na watu watatu, aliiweka mara tatu, kwa hoja kwamba Siku ya Kiyama watatokea wadai watatu na hatakubali kuwapa mmoja tu akawaambia wagawane.

— Samahani, — Nanjala akasema. — Si muyahamishie kwenye flashi?

— Amana haitolewi amana, mwanangu, — Maalim akasema kwa upole. — Ulichowekewa huwezi kukiweka kwa mwingine bila idhini ya mwenyewe.

— Na wenyewe si hawa hapa?

Maalim akawageukia wenyewe.

— Flashi! — Kontena akashtuka. — Kitu kidogo kama ukucha! Mbuzi wangu wakae humo?

— Mbuzi gani? — akauliza Zein.

Kontena akaeleza kwa staha kwamba kwa Maalim ameweka picha za mbuzi wake wa Kaloleni, kila mbuzi kwa pande nne, ili ndugu zake wasimbadilishie.

— Lakini Baya, — akasema Maalim, — mbuzi wale si ulishawala? Mimi mwenyewe ulinikaribisha.

— Ndiyo maana nazitaka picha zao. Wangalikuwa hai ningewatazama wenyewe.

— Basi tuanze na za Bisibisi, — akasema Redio. — Amejaza picha za matumbo ya feni.

— Zile ni elimu! — Bisibisi akawaka. — Kila feni ninayoifungua naipiga picha, nikumbuke kurudishia. Futa mechi yako wewe! Ati fainali ya mtaa. Dakika zote hizo, na wewe umekaa benchi.

— Nilikuwa golikipa wa akiba!

— Ulikuwa umelala. Kamera yaonyesha.

— Golikipa hodari hulala akijua goli liko salama! Mtumi wa kunga haambiwi maana!

— Na maana yake nini hiyo?

— Ndiyo nakwambia, huambiwi!

Maalim akawaacha wapigane, akawa anatafuta. Picha za mbuzi zikawa si kitu; matumbo ya feni si kitu; hata mechi, kwa urefu wake, ilikuwa kikombe kimoja katika dele. Kidole chake kikateremka, kikateremka, kikasimama. Hapo palikuwa na mzigo mmoja uliokalia karibu nusu nzima ya tumbo la mashine, umelala humo kama bwana aliyepanga chumba kizima. Jina lake lilikuwa neno moja: HARUSI.

— Redio, hii ndiyo ile uliyoniletea?

— Mimi? Ile si ya Bisibisi?

— Mimi nilidhani ya Kontena.

— Zangu ni mbuzi tu, — akasema Kontena.

— Zein?

— Mimi huuza kahawa, bwana.

Maalim akapiga hesabu. Ikiondoka hii, mfumo mpya utaingia na amana za jamaa zake wote zikae. Lakini hata amana isiyojulikana mwenyewe lazima itazamwe uso kabla ya kuhukumiwa. Akaifungua. Wote wakamsongea, magoti kwa magoti, na Nanjala akasimama nyuma ya kiti chake ili aone.

Kioo kikajaa mwangaza. Uwanja wa msikiti, mikeka, taa za rangi, wanaume wa kanzu nyeupe wameketi kwa duru. Kamera ikatembea. Na kwenye duru ya kwanza, shavu moja limevimba kwa tonge, alikuwa Bisibisi.

— Mimi! — akalia Bisibisi. — Tazameni! Nilikuwa na nywele!

— Na yule Zein! Zein mwembamba!

— Kontena, shati hilo si ndilo ulilovaa leo?

Kontena akajitazama kifuani, akatazama kioo.

— Ni imara, — akasema. — Mimi hata si wa msikiti ule, lakini biriani haina dhehebu.

Kamera ikamfikia Redio. Alikuwa ametazama kushoto, akatazama kulia, kisha kipande cha nyama, chenye mfupa wake, kikatoweka mfukoni mwa kanzu.

Baraza ikalipuka.

— Ilikuwa ya paka! — akasema Redio.

— Paka gani? Kipande kile paka angekiogopa!

Walicheka mpaka Zein akajimwagia kahawa mkononi. Kisha mlio mwingine ukatoka kwenye mashine, wakanyamaza bila kuambiwa. Mtu alikuwa anasoma. Sauti ilipanda taratibu, ikakaa juu, ikateremka kama maji kwenye ngazi, na kamera ikamtafuta msomaji, ikampata. Maalim Khubaib, ndevu nyeusi, macho yamefumbwa, na pembeni ya goti lake fungu la mchicha.

Maalim akabaki anajitazama. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuwa na sauti ile. Aliona mchicha, na mchicha ndio uliomkumbusha: alikuwa akitoka sokoni, akapita nje ya msikiti, mtu akamshika mkono, Maalim, msomaji amechelewa, tusitiri. Akasoma. Akakalishwa. Akala. Akarudi nyumbani. Zaidi ya hapo hakukumbuka kitu. Na sasa kidole chake, kilichokuwa tayari kufuta, kikawa kizito. Akajiambia ni kwa ajili ya amana. Ndani yake akajua si amana. Ni ile sauti.

— Hii haifutwi, — Bisibisi akatamka, akijifuta machozi ya kicheko. — Hii ni historia.

— Haifutwi, — akasema Kontena.

— Mwacha asili ni mtumwa, — akasema Redio, na kwa mara ya kwanza siku ile methali ilionekana kukaa mahali pake, jambo lililomshangaza mwenyewe.

— Na darasa langu? — akauliza Maalim, kwa sauti ndogo.

— Watoto wa Lesta watakuelewa.

— Watoto watanielewa. Mama zao je?

Nanjala akainama mbele.

— Samahani, wazee. Bwana harusi ndiye yupi?

— Yule, — akasema Bisibisi, akionyesha. — Mwenye joho.

Katikati ya mkeka alikuwa ameketi kijana mwenye joho la zari na kilemba, ameinamisha uso, shada la asmini limemfunika mpaka kidevuni.

— Anaitwaje?

— Huyo ni… — Bisibisi akasita. — Si yule mwana wa mwenye duka la mikufu?

— Yule alioa Malindi, — akasema Zein.

— Basi ni yule aliyekwenda Dubai.

— Wote wamekwenda Dubai.

— Ngojeni, — akasema Maalim. — Ndoa yafungwa kwa jina. Tusikilize pale anapoozwa, jina litatajwa, nami nitamtafuta nimuulize.

Akasogeza mbele. Kadhi akashika mkono wa kijana. Mji mzima wa ndani ya kioo ukatulia. Kadhi akafungua kinywa: — Ewe… — na papo hapo mpiga picha, aliyekuwa binadamu mwenye tumbo kama wengine, akageuza kamera kuelekea mlangoni, ambako masinia yalikuwa yanaingia yanafuka moshi. Na juu ya sauti ya kadhi, juu ya jina la bwana harusi na jina la babake, ikapaa sauti moja kubwa, safi, isiyo na shaka:

— HUKU! HUKU HAMJALETA! SINIA HUKU!

Wote wakageuka kumtazama Redio.

— Palikuwa na dhuluma upande ule, — akasema Redio. — Niliwatetea.

Maalim akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Ewe, HUKU. Akarudisha tena. Ewe, HUKU. Kila mara kijana alioa, kila mara jina lake likazama ndani ya biriani.

Mwanga wa jua la jioni ulikuwa umepanda hadi ghorofa za juu; chini kivuli kimejaa. Maalim akahisi Kairo inakaribia.

— Basi tutangaze, — akasema. — Kitu kisichojulikana mwenyewe hutangazwa. Redio, fanya kazi yako.

Hakuombwa mara mbili. Redio akapanda juu ya baraza, akaweka viganja mdomoni.

— Enyi watu wa Kuze! Kuna harusi imepatikana! Bwana harusi ana joho la zari na shada la asmini! Palikuwa na biriani ya mbuzi, tena na haluwa! Mwenyewe ajitokeze, au jamaa yake!

Madirisha yakafunguka. Kwanza moja, kisha matatu, kisha kichochoro kizima kikawa na vichwa.

— Ile ya taa za rangi? — mzee mmoja akauliza kutoka juu. — Mimi nilikuwako! Biriani ilikuwa na zabibu!

— Hata mimi! — akaitika kinyozi wa upande wa pili. — Achari yake sijaionja tena tangu siku ile!

— Mume wangu alirudi nayo kwenye karatasi! — akapiga kelele Bi Sheikha wa ghorofa ya pili. — Ilitutosha hadi kesho yake!

— Wewe wamjua bwana harusi? — Maalim akamwitia mzee.

— Nani?

— Bwana harusi!

Mzee akafikiri kwa muda mrefu.

— Zabibu zilikuwa nyeusi, — akasema.

Wakaulizana dirisha kwa dirisha. Mashahidi walikuwa wengi kuliko wa kesi yoyote. Walikumbuka ndimu, walikumbuka ukoko, walikumbuka nani alipewa mguu na nani mbavu. Waliokuwako walipatikana wote. Aliyeoa hakupatikana.

— Basi ndiyo hivyo, — akasema Bisibisi kwa utulivu. — Harusi ni yetu sote. Mtaa mzima tulihudhuria. Yakaa hapo hapo ilipo.

— Yakaa, — yakaitika madirisha.

Nanjala alikuwa amekunja kipaji, kama mwalimu anayesahihisha hesabu ambayo jibu lake ni zuri mno. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kujua tu.

— Sasa, wazee wangu, — akauliza, — nani kati yenu alialikwa?

Bisibisi akafungua mdomo, akamtazama Redio. Redio akamtazama Kontena. Kontena akatazama vifungo vya shati lake. Juu, dirisha la mzee wa zabibu likafungwa taratibu, kwa adabu. Likafuata la kinyozi. Likafuata la Bi Sheikha, na bawaba yake ikalia. Zein, ambaye kila mtu alimgeukia kana kwamba yeye atakuwa na jibu, akaliinamisha dele. Likatoa tone moja, na masimbi ya kahawa.

Maalim Khubaib akatazama kioo. Msomaji mwenye ndevu nyeusi alikuwa bado amefumba macho, na mchicha wake bado mbichi. Akamhurumia kijana wa joho, aliyelisha mtaa mzima na mtaa mzima ukakumbuka masinia tu. Bila shaka harusi yake anayo mwenyewe, mahali fulani, penye jina lake. Hii haikuwa amana yake. Hii ilikuwa amana ya walaji, tena walaji wasioalikwa.

Akaichagua. Akabonyeza. Mashine ikamuuliza kama ana hakika ya kuifuta.

Akainua macho apate shauri la wenziwe, na hakuona uso hata mmoja. Bisibisi, Redio na Kontena walikuwa wameinama wote watatu, vichwa chini ukingoni mwa baraza, wanapapasa kutafuta viatu vyao upesi upesi, kama watu waliokwisha kula na sasa wamesikia mwenye nyumba anakuja.

Maalim akabonyeza mara ya pili.